Denis Burkitt: daktari wa jicho moja aliyejiuliza kwa nini mawe ya nyongo yalikuwa machache Afrika

Idjwi, Kivu Kusini – Maumivu hayo hupenda kuja usiku, saa chache baada ya chakula chenye mafuta mengi. Yanashika upande wa kulia, chini ya mbavu, yanapanda hadi mgongoni au kwenye bega la kulia. Mgonjwa hageuki, halali, anatapika. Baada ya saa moja au tatu yanatulia, na asubuhi watu wa nyumbani wanaanza kutafuta maneno. Mmoja anasema ni vidonda vya tumbo, mwingine anasema ni minyoo. Kuna na yule anayenong'ona kwamba ni karuho, mtu ametegewa sumu.

Mara nyingine ni mawe ya nyongo. Watu wengi wa kisiwani na wa Bukavu wamezoea kuuona ugonjwa huo kama wa wazungu na matajiri. Mazoea hayo hayakutoka hewani. Miaka zaidi ya 50 iliyopita, daktari mmoja aliyefanya kazi ng'ambo ya milima yetu, nchini Uganda, aliutangazia ulimwengu kwamba Mwafrika wa kijijini hapati mawe ya nyongo kama Mwingereza anavyoyapata, na kwamba sababu kubwa iko kwenye sahani. Jina lake ni Denis Burkitt. Maisha yake yanatusaidia kuelewa ni nini kinachotukinga, na ni kwa nini kinga hiyo inaweza kutuponyoka.

Mtoto wa mtu aliyehesabu ndege

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja. Saa za mapumziko alikuwa na kazi nyingine iliyowashangaza majirani: aliwafunga ndege wadogo vipete miguuni, akaandika kila mmoja anakaa wapi, kisha akachora ramani ya bustani ikionyesha mipaka ya kila ndege. Wataalamu wa ndege wanamheshimu hadi leo kwa kazi hiyo. Mtoto alikua akiona kwamba ukitaka kuelewa jambo, uliza kwanza linatokea wapi na halitokei wapi.

Akiwa na miaka 11, ugomvi wa kurushiana mawe kati ya wavulana ulimpotezea jicho moja. Shuleni hakuwa mwanafunzi wa kutajwa. Alipoingia chuo kikuu cha Trinity, Dublin, alianza na uhandisi kama baba yake, kisha akaona kwamba Mungu anamwita katika udaktari, akabadilisha masomo. Alimaliza mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata cheti cha upasuaji huko Edinburgh. Afrika alikuwa akiisikia nyumbani, kwa kuwa baba yake mdogo, Roland Burkitt, alikuwa daktari mpasuaji Nairobi.

Alipoomba kazi katika idara ya afya ya makoloni ya Uingereza, walimkataa kwa sababu ya lile jicho. Vita vya pili vya dunia vilipopamba moto, jeshi halikuwa na nafasi ya kuchagua sana. Lilimchukua, likamleta Afrika Mashariki. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, muuguzi, na baadaye wakapata mabinti watatu. Vita vilipokwisha aliomba tena, na mwaka 1946 akapelekwa Uganda.

Ramani ya kwanza: Lira

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda. Hospitali ilikuwa ndogo, na yeye ndiye alikuwa mpasuaji, daktari wa uzazi na kila kitu kingine. Huko aliona wanaume wengi wenye busha, yaani maji yanayojaa kwenye mfuko wa korodani. Daktari mwingine angewapasua na kuendelea na kazi zake. Burkitt aliwauliza pia wanatoka wapi.

Akagundua kwamba busha lilikuwa jingi sana mashariki ya Lango na adimu magharibi yake, ingawa watu walikuwa wa kabila moja na lugha moja. Tofauti hiyo ililingana na mahali palipokuwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Aliandika habari hizo mwaka 1951 katika jarida la The Lancet la London. Ilikuwa kazi ndogo, lakini ilimfundisha namna ya kufanya kazi aliyoitumia hadi kufa kwake: hesabu wagonjwa, weka alama kwenye ramani, kisha uliza watu wa hapa wanaishi tofauti gani na watu wa pale.

Safari ya kilomita 16,000

Mwaka 1948 alihamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 mwenzake, daktari Hugh Trowell, alimwita kumtazama mtoto wa kiume aliyevimba mataya pande zote. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, Burkitt alimwona dirishani mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Alirudi kwenye madaftari ya Mulago na kukuta watoto wengi wa aina hiyo. Mwaka 1958 aliandika juu ya kansa hiyo, ambayo leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Akatuma karatasi zenye picha na maswali kwa hospitali nyingi za Afrika. Majibu hayakumtosha. Mwezi wa Oktoba 1961, yeye na madaktari wawili wa hospitali za misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford wakaelekea kusini. Walikaa barabarani majuma kumi, wakapita kilomita karibu 16,000 na kuingia hospitali karibu 60. Wakachora ukanda: kansa ile ilipatikana penye joto na mvua, na haikuonekana penye milima ya baridi wala penye ukame. Mtafiti wa London, Anthony Epstein, alimsikia Burkitt akihutubia mwaka 1961, akaomba vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein na wenzake wakapata ndani yake virusi ambavyo sasa vina jina la Epstein-Barr. Malaria nayo ilionekana kuwa na mkono katika ugonjwa huo.

Huko Mulago, Burkitt aliwapa watoto wale dawa za kansa, na wengine walipona kabisa. Kwa kazi hiyo peke yake angeweza kustaafu kwa heshima. Lakini swali lililomletea jina la pili lilikuwa bado halijaanza.

Magonjwa ambayo hakuyaona

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966. Mwaka uliofuata alikutana na Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini, ambaye wenzake wengi walimwona kama mtu wa kurudia wimbo mmoja. Cleave alishikilia kwamba sukari nyeupe na unga mweupe uliotolewa maganda ndivyo vilivyowaletea wazungu mlolongo wa magonjwa: kisukari, magonjwa ya moyo, bawasiri, mawe ya nyongo na mengine.

Watu wengine walicheka, Burkitt akakumbuka. Alikuwa amepasua matumbo karibu miaka 20 Uganda. Mawe ya nyongo, ambayo wapasuaji wa London waliyatoa kila juma, yeye Kampala aliyaona mara chache sana. Kidole tumbo kilikuwa adimu vijijini. Trowell naye, aliyefanya kazi Kenya na Uganda miaka 30, alikuwa na kumbukumbu hizohizo: hadi mwaka 1956 ndipo yeye na mwenzake walipoandika habari za Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, kama jambo jipya Afrika Mashariki.

Burkitt akarudi kwenye karatasi zake. Alikuwa tayari na marafiki katika hospitali za misheni za nchi nyingi, akawaomba wamwandikie mara kwa mara wameona wagonjwa wangapi wa magonjwa haya. Majibu yalielekea upande mmoja: vijijini Afrika mawe ya nyongo ni machache, mijini yanaanza kuonekana, Ulaya na Marekani ni mengi. Mwaka 1975 alitoa makala juu ya ramani ya mawe ya nyongo na jinsi yalivyoongezeka kadiri miaka ilivyopita. Mwaka huohuo yeye na Trowell walitoa kitabu kizima juu ya vyakula vilivyokobolewa na magonjwa.

Alifanya hata jambo ambalo liliwachekesha watu: alipima kinyesi. Mwaka 1972, pamoja na Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa London, alionyesha kwamba mwanakijiji wa Uganda alitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita tumboni mwake kwa siku moja na nusu hivi. Waingereza waliokula mkate mweupe walitoa karibu gramu 100, na chakula kilikaa siku tatu na zaidi. Tofauti, alisema, ni nyuzinyuzi: ile sehemu ya mmea ambayo tumbo haliisagi, iliyo katika maharagi, mboga, matunda na nafaka isiyokobolewa.

Jiwe linatengenezwaje?

Ini hutengeneza nyongo, maji ya kijani na manjano yanayosaidia kusaga mafuta. Nyongo husubiri katika mfuko mdogo chini ya ini, na mtu akila mafuta mfuko hujikamua. Ndani ya nyongo mna kolesteroli, iliyoyeyushwa na chumvi za nyongo. Kolesteroli ikizidi, au mfuko ukikaa muda mrefu bila kujikamua, vinatokea vipande vidogo kama mchanga. Mchanga unashikana, unakuwa jiwe. Jiwe likitulia ndani ya mfuko, mtu anaweza kuishi nalo hadi uzee bila kujua. Likiziba mlango, ndipo maumivu yale ya usiku yanapoanza.

Nyuzinyuzi zinaingiaje hapo? Kenneth Heaton wa Bristol, aliyefanya kazi karibu na Burkitt, alionyesha kwamba pumba za ngano ziliweza kupunguza kolesteroli katika nyongo ya baadhi ya watu. Chakula kinachopita haraka hakiwapi vijidudu vya tumbo muda mwingi wa kuharibu chumvi za nyongo. Tena mtu aliyeshiba maharagi na mboga hana nafasi kubwa ya sukari, na hanenepi kwa urahisi.

Pale alipopita kiasi

Burkitt alikuwa mtu wa kuona mbali, lakini wenzake walimuuliza maswali ya haki. Hospitali za misheni zilihesabu wale tu waliofika. Mgonjwa aliyebaki kijijini na maumivu yake hakuingia katika daftari lolote. Wakati ule ekografi ilikuwa bado haijaenea, na bila hiyo jiwe lililonyamaza halionekani. Tena watu wa vijijini Afrika walikuwa vijana wengi, na jiwe hupenda umri mkubwa.

Jambo jingine lilitoka mbali, kwa Wapima, wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani. Mwaka 1970 watafiti walikuta kwamba zaidi ya nusu ya wanawake wao watu wazima walikuwa na mawe ya nyongo. Chakula chao kilikuwa kimebadilika na wengi walikuwa wamenenepa, lakini damu ya ukoo nayo ilikuwa na sehemu yake. Kwa hiyo sahani peke yake haielezi kila kitu.

Leo madaktari wanakubaliana juu ya mambo yanayoongeza hatari. Wanawake wanapata mawe zaidi ya wanaume, na mimba nyingi zinaongeza, kwa sababu homoni za mimba huongeza kolesteroli katika nyongo na kuulegeza mfuko wake. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni vinaweza kuchangia pia. Umri zaidi ya miaka 40, unene, kisukari, na kuwa na mzazi au ndugu aliyeugua, vyote vinahesabiwa. Kukaa bila kutumia mwili kunaongeza hatari. Kupungua kilo nyingi kwa majuma machache, au kufunga chakula siku nyingi, nako kunaleta mawe, kwa kuwa mfuko haujikamui.

Kwetu Kongo kuna sababu nyingine ambayo haihusiani na unene hata kidogo. Watu wenye ugonjwa wa seli mundu, ambao wengi wetu huita SS, damu yao inavunjika kila siku, na mabaki yake yanatengeneza mawe meusi. Mtoto wa SS, mwembamba na asiyekula mafuta, anaweza kuwa na mawe ya nyongo akiwa bado shuleni. Mzazi wa mtoto kama huyo asikubali kuambiwa kwamba ugonjwa huu ni wa watu wazima wanene.

Kutoka Mulago hadi Idjwi

Burkitt hakuandika juu ya Idjwi, lakini sahani aliyoisifu tunaijua: maharagi, viazi vitamu, ndizi, sombe, lengalenga, mtama, nanasi, na sambaza kidogo kutoka ziwani. Mwili unaolima mlimani na kubeba mzigo hadi bandarini haukosi mazoezi. Kwa upande huo, mkulima wa Rubenga au wa Ntambuka ana kinga ambayo mfanyakazi wa ofisi Bukavu anapaswa kuinunua kwa pesa.

Lakini boti zinazopeleka nanasi na ndizi mjini hazirudi tupu. Zinaleta sukari, mkate mweupe, mchele, soda na mafuta ya chupa. Kijana akihamia Bukavu au Goma, asubuhi anakunywa chai yenye sukari nyingi na mandazi ya mafuta, mchana anakaa, jioni anapanda motari hadi mlangoni. Baada ya miaka michache kilo zimeongezeka na jamaa wanampongeza kwamba maisha yamemkubali. Hiyo ndiyo njia ambayo Burkitt aliichora kwenye ramani zake, kutoka kijijini hadi mjini.

Wamama wana mzigo wa pekee. Mwanamke mwenye mimba sita au saba ana hatari hata kama anakula vizuri. Akipata maumivu ya upande wa kulia yanayorudi baada ya chakula, asinyamaze kwa sababu amesikia kwamba ugonjwa huu ni wa wazungu. Aende kituo cha afya, aombe kupelekwa penye ekografi. Kipimo hicho hakiumi, na mara nyingi kinamaliza ubishi wa vidonda, minyoo na karuho kwa dakika chache.

Kuna dalili ambazo haziruhusu kungoja: maumivu yanayopita saa tano au sita, homa na kutetemeka, macho kuwa ya manjano, mkojo mweusi kama chai. Hapo jiwe huenda limeziba njia, na mfuko wa nyongo, ini au kongosho viko hatarini. Kwa mtu wa kisiwani, ambaye lazima avuke maji, kuchelewa usiku mmoja kunaweza kugharimu maisha. Watu wanaouza mafuta na ndimu za kuyatoa mawe hawasaidii. Vile vidonge laini vinavyoonekana chooni baada ya kunywa mafuta mengi hutengenezwa tumboni na mafuta yenyewe.

Mawe yanayouma hutibiwa kwa kuuondoa mfuko wa nyongo. Mjerumani Carl Langenbuch aliufanya upasuaji huo kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1882, na tangu hapo inajulikana kwamba mtu anaweza kuishi vizuri bila mfuko huo. Jiwe lisilouma, mara nyingi, huachwa.

Bomba linalofurika

Miaka ya mwisho Burkitt alizunguka nchi nyingi akihutubia. Alipenda kuonyesha mchoro mmoja: maji yanafurika sakafuni kutoka kwenye bomba lililoachwa wazi, na madaktari wawili wanapangusa kwa bidii kubwa, wala hakuna anayegeuka kulifunga bomba. Kitabu chake kidogo cha mwaka 1979 juu ya nyuzinyuzi kilisomwa na watu wa kawaida katika nchi nyingi. Heshima alizipata, ikiwemo kuingizwa katika chama cha wanasayansi wa kifalme cha Uingereza mwaka 1972. Waliomjua walimkumbuka kama mtu wa sala, fundi wa mbao, asiyeona haya kuongea juu ya choo mbele ya maprofesa.

Alifariki tarehe 23 Machi 1993 huko Gloucester, akiwa na miaka 82.

Si kila alichokisema kimethibitika. Kilichobaki ni swali lake: watu wa hapa wanaishi tofauti gani na watu wa pale? Kwa Idjwi swali hilo liko wazi kila siku ya soko, pale mama anapouza kikapu cha maharagi ili anunue mkate mweupe na chupa za soda za watoto. Maharagi yangewakinga zaidi.